Jino la Kuendea Mazishini

"Nataka lionekane mpaka safu ya nyuma," mzee alimwambia daktari wa meno kabla hata kiti hakijalazwa. "Nikicheka, kila aliyekuja kuzika alione."

Daktari alikuwa mwanamke aliyefunika uso kwa barakoa. Alimtazama kwa macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi. "Mazishi saa ngapi?"

"Saa kumi. Utawahi?"

"Nitawahi. Leo nalichonga jino na kulivika kofia ya muda. Ya kudumu utakuja kuvikwa baadaye."

"Ya muda inatosha. Na yeye anazikwa mara moja tu."

Chumba cha kungojea kilikuwa kitupu. Wagonjwa wengine wote walikuwa wameahirishwa. Yeye tu, msaidizi alimwambia, daktari kaagiza aje bila kukosa. Mzee kichwa kikamvimba. Kumbe wapo bado wanaojua heshima ya mpiganaji! Maana alipopiga simu aliwaeleza yote, na jina la marehemu akalitaja. Yeye si mtu wa kunong'ona.

Kule kiwandani, nywele za mzee zikiwa nyeusi bado, msimamizi, huyu huyu anayezikwa leo, aliwapanga mstari wafumaji akawaambia vumbi la pamba halidhuru, ni kama unga tu. Awaambie hivyo watu waliosimama wanakohoa damu! Yeye akacheka. Msimamizi akamtandika mdomoni kwa shada la funguo, jino la mbele likakatika nusu, mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwafundisha kudai haki yao. Wenzake wakainamisha vichwa. Mgomo waliokuwa wakiupanga ukafia pale pale. Tangu hapo hakucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja, hata siku alipomwoza binti yake. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Asubuhi hii mkewe alimpigia shati pasi shingo upande. "Jino la pembe si dawa ya pengo, baba watoto."

"Siendi kutibu pengo, mama. Naenda kucheka."

Sindano ya kwanza iliingia kwenye ufizi wa juu. Ikafuata ya pili. Kisha daktari akahamia taya la chini, kulia, halafu kushoto.

"Na huko chini pia? Si jino liko juu?"

"Sitaki uhisi chochote, mzee wangu."

Ana huruma binti huyu, aliwaza. Mashine ikalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Akafumba macho, akauona umati, akaliona jeneza, akausikia ule ukimya atakaoupasua.

Walipomaliza alipewa kioo. Jino lilikuwa jeupe, zima, la kijana. Akajaribu kucheka. Midomo ikaning'inia kama tambara bovu, mate yakamchuruzika kidevuni. Akajaribu tena kwa nguvu. Yule wa kwenye kioo alikuwa mtu aliyezidiwa na msiba.

"Ganzi itaisha lini?" aliuliza kwa ulimi mzito.

"Usiku." Daktari akavua barakoa, kisha koti jeupe. Chini yake alikuwa amevaa nyeusi tupu. "Twende na gari langu, mzee. Sisi watoto wa marehemu tumekuwekea kiti cha mbele."