Kona ya Kilabuni

Zama hizo pikapu zilijiendesha, na kwa sheria sevisi ilimwaga oili chafu pamoja na mazoea ya dereva aliyefariki. Pikapu ya Bi Sekela ilibaki na zoea moja la marehemu mumewe: kila jioni ilikata kona hadi kilabuni, ikapiga honi mara mbili.

“Hiyo kona niachie,” Bi Sekela alimwambia fundi Ambakisye siku ya sevisi.

“Shangazi, si miaka yote ulinisumbua niifute?”

“Nilikusumbua. Nani kakutuma unisikilize leo?”

Fundi alicheka, kisha akainama. Mashine ilikuwa imekwisha kuifuta.

Jioni pikapu iliipita kona kama haijawahi kuiona. Bi Sekela akafika nyumbani mapema, kama alivyomsihi mumewe maisha yao yote, akabaki amekaa garini, hana wa kumgombeza.