Mukwa wa Cucu

Kamba iliisha mkononi mwangu, na ndoo bado ilikuwa inaning'inia kisimani bila kugusa maji.

"Cucu, haijafika," nikamwambia nyanya yangu.

"Unga nyingine."

"Gani? Ya ng'ombe tulishaunga. Ya kuanika nguo pia."

Tangu kahawa ya jirani ing'olewe, kijiji chetu cha Theta kimeota maghorofa. Wenye maghorofa wamechimba borehole, kisima kirefu cha mashine, na pale mvua ilipokuwa ikizama kwenye udongo wamemwaga simiti. Siku hizi mvua hukimbilia barabarani.

"Tununue tu maji ya mkokoteni kama watu wengine," nikasema.

Cucu aliingia nyumbani akarudi na mukwa wake, ule mkanda wa ngozi aliopitisha kichwani kubebea kuni na maji tangu usichana wake. Alipoinama kuufunga kwenye kamba, kitambaa chake kiliteleza, nikaona bonde ambalo mkanda ulimchimbia juu ya paji la uso. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote. Leo nililigusa. Kidole changu kikaingia, kikatulia humo.

"Shusha polepole, Ngendo," akasema bila kuinua kichwa. "Huu unajua njia ya maji."

Nikashusha. Fundo likapita ukingoni, ngozi ikateleza kiganjani, laini kama shavu, mpaka nayo ikaisha.

Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono ulioshika ncha ya mkanda kisimani hadi begani. Cucu akanishika miguu kwa mikono miwili.

"Bado kidogo," akasema.