Nungunungu Aonja Sindano Zake

Usinibinulie mdomo, Siwema. Kama huamini kwamba nungunungu aliwahi kuwa daktari, ubishi wako upeleke sokoni.

Nungunungu alisomea tiba ya Kichina, ile ya kumchoma mtu sindano ili maumivu yamtoke. Sindano alizing'oa mgongoni mwake mwenyewe. Akamwita Panya mbele ya wanyama wote.

"Njoo nizijaribu kwako, bwana mdogo. Huu ni utafiti wenye maadili. Hutaumia, na jina lako tutalitaja kwa heshima."

"Kama la marehemu?" akauliza Panya, maana ngozi ilikuwa yake.

"Acha utani! Mzee wa maadili ameshapima."

Mzee mwenyewe alikuwa Kobe. "Nimechomwa mgongoni asubuhi nzima," akasema, "sikusikia kitu."

Panya akaona akibisha atashikwa kwa nguvu. Akainama kwa adabu. "Nimekubali, daktari. Ila kwetu mwenye pombe huonja kwanza, kutoa uchawi. Nawe onja moja."

Wanyama wakapiga makofi, Nungunungu akakosa pa kukimbilia. Panya akachukua sindano moja, akamdunga nayo puani.

"Uwii, mama! Nakufa!" Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukutana na ncha ya sindano zake. Kobe akajificha ndani ya gamba.

"Tulia, daktari," akasema Panya. "Jina lako tutalitaja kwa heshima."

Basi huo unga wa mizizi uliouleta kuujaribu kwenye goti langu, anza kuunywa wewe. Mimi hadithini natoka, na mlango wake naufunga.