Meno ya Maji ya Kisima

Ndeshi alikuwa ameyasugua meno yake kwa mkaa na limau hadi ufizi ukavuja damu, lakini rangi ya kahawia haikubanduka. Ndipo akaenda kwa daktari wa meno.

“Nataka yawe meupe, daktari. Nimechoka kuchekwa.”

Daktari, mama wa makamo, alimtazama kinywani, kisha tumboni. “Dawa ya kung'arisha ipo, mwanangu, lakini mjamzito hatumpaki. Njoo ukishamaliza kunyonyesha. Itapunguza madoa, haitayafuta yote. Na limau uache, linakula meno.”

“Haya madoa yalitoka wapi?”

“Kwenye madini ya floraidi yaliyozidi katika maji ya kisima uliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi.”

Ndeshi akashika tumbo. “Basi na huyu naye yatampata?”

“Huyu hajanywa hata tone. Mkingie maji ya mvua, akue akinywa hayo.”

Alirudi nyumbani na meno yaleyale, wala hakujuta. Jioni mawingu yalipotanda, mumewe alimkuta akipachika bati lililokunjwa kwenye ukingo wa paa.

“Sogeza pipa hapa,” alimwambia, na matone ya kwanza yakaanza kulia juu ya bati.