Kapasita ya Redio

Fundi Okinyi aliikata kapasita kuukuu, kile kidude cha kuchuja sauti, ndani ya gitaa la umeme, akaitupa kwenye mkebe wa takataka. Ilikuwa ya redio, kubwa mara kumi kuliko inayotakiwa. Ndiyo maana gitaa la marehemu mume wa mteja wake lilisikika zito, kama mtu anayeongea chini ya blanketi.

Alichomea mpya, ndogo, akapiga nyuzi tatu. Sauti ilitoka kali, ikafika mpaka barabarani, stejini kwa waendesha bodaboda pale Kondele.

"Sasa iko sawa, Mama."

Mjane aliyeketi kwenye benchi alimkodolea macho. "Huyo ni nani?"

"Si ni gitaa ya mzee, Mama. Nimeitengeneza tu."

"Mimi nilisema waya uliokatika, Okinyi. Waya peke yake."

Okinyi alipekua mkebe mpaka akaipata ile kapasita ya redio. Mguu mmoja wa kapasita hiyo ulikuwa umezungushiwa uzi wa nyavu za samaki, duara juu ya duara, na mtu asiyekuwa na haraka. Aliirudisha taratibu, asiuunguze ule uzi.

Alipopiga tena, sauti ilizama, ikawa nzito, ikawa karibu.

"Usiache," mama alinong'ona.

Kisha akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.