Bitana ya Buti

Kwa mara ya nne zulia la buti la gari lilirudi, limekunjwa vizuri kama shuka la hospitali, na juu yake kikaratasi: "Bado."

Fundi alikisoma, akakikunjakunja, akakitupa chini ya cherehani vilikokuwa vingine vitatu. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshona viti vya malori, vya mabasi, hata vya gari la kubebea wagonjwa. Hakuna aliyewahi kumrudishia kazi mara mbili, sembuse nne.

"Bado nini?" alifoka. "Bado nife?"

Kaka yake, mwenye gereji, alicheka akiwa amelala chini ya gari jingine. "Nilikwambia, dada. Mtu anayeleta gari lisilo na injini, mwogope."

Ni kweli. Gari lilikuwa la michezo, la viti viwili, kongwe kuliko wao wote wawili, na lilikuja limebebwa juu ya lori. Halikuwa na injini wala taa za mbele, na mlango mmoja ulifungwa kwa waya. Lakini mwenyewe, mwalimu wa hesabu aliyezungumza polepole, alitaka kitu kimoja tu: buti lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Zulia gumu la kahawia, vibao vya pembeni vilivyovikwa ngozi bandia, kifuniko cha tairi la akiba, mkanda wa kufungia jeki.

"Na injini je?" kaka alimuuliza siku ile ya kwanza.

"Achana nayo. Hataiangalia."

"Nani?"

"Mkaguzi," alisema mwalimu.

Kaka akamkonyeza dada yake. Kumbe maonyesho ya magari ya kale! Watu wa maonyesho wanajulikana: skrubu moja isiyo ya asili, na kombe limekwenda.

Basi fundi akajitosa. Zulia la kwanza lilirudi kwa sababu ni laini mno. Akahangaika wiki mbili kwa wauza vitu chakavu mpaka akapata lenye kukwaruza sawasawa. La pili lilirudi kwa sababu ya gundi. "Kiwandani walishona," mwalimu aliandika. La tatu lilirudi kwa sababu ya mishono: kwenye upana wa vidole viwili yeye aliweka saba, na ilitakiwa tisa. Fundi alichukua kipande pekee cha bitana ya asili, kadiri ya kiganja, kilichokuwa kimesalia chini ya bawaba, akahesabu. Tisa. Mwalimu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mchana huo mwalimu alikuja mwenyewe kueleza kosa la nne.

"Kona," alisema, akionyesha kile kipande. "Hapa mshono unarudi nyuma mara tatu, halafu unapinda kidogo. Wako umenyooka."

"Mwalimu, huko ni kuteleza kwa mkono. Aliyeshona, maskini, alikuwa amechoka."

"Tazama matundu ya sindano kwenye vibao. Kona zote ziko hivyo."

"Kwa hiyo nishone kosa? Makusudi?"

"Tafadhali."

"Huyo mkaguzi wako ana macho mangapi?"

"Macho yake hayaoni vizuri. Anapapasa."

Fundi aliutupa mkasi chini. "Mimi basi, nimechoka. Tafuta fundi mwingine. Au subiri maonyesho ya mwakani!"

"Mwakani ni mbali sana, dada yangu," alisema mwalimu. Hakuondoka. Alisimama pale pale amekumbatia zulia.

Fundi alimnyang'anya zulia. Kisha akavuta kiti, akaanza kufumua.

Kukosea kuligeuka kuwa kazi ngumu kuliko kupatia. Mkono uliozoea kunyoosha ulinyoosha tu. Alishona, akafumua. Alishona tena, akatukana, akafumua tena, mpaka ncha za vidole zikawaka moto. Siku ya tatu, kwa hasira tu, alianza kuliongoza zulia kwa mkono wa kushoto. Mshono ukapinda wenyewe, sawasawa kama kwenye kipande cha asili.

Jumamosi asubuhi lori lilipeleka gari nyumbani kwa mwalimu, kwa kuwa mkaguzi, alisema, angekagulia hapo hapo. Walilisukuma uani mpaka buti likatazama mlango wa nyumba. Fundi alikuwa amepanga maneno yake tangu alfajiri. Mkaguzi akithubutu kutikisa kichwa tu, angemwaga yote.

Mwalimu aliingia ndani, akatoka amemshika mkono bibi kizee mwembamba, aliyevaa sweta lililokosewa vifungo. Akamkalisha kwenye kigoda nyuma ya gari.

"Shikamoo, mama," alisema fundi.

Bibi aliendelea kutazama ukuta.

"Usimchukulie vibaya," mwalimu alinong'ona. "Mama yangu huyu. Mwaka na miezi saba hajatamka neno."

"Pole. Na mkaguzi anafika saa ngapi?"

Mwalimu aliinua mlango wa buti, akaichukua mikono ya mama yake, akaiweka ndani.

Vidole vya bibi vililala tu juu ya zulia. Halafu kimoja cha mkono wa kushoto kikasogea. Vikafuata pindo polepole, vikafika kwenye kona, vikasimama, vikarudi nyuma, vikapita tena. Bibi aliinua uso. Akamtazama fundi kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kama mtu anayempima mgeni kazini.

"Yaani nimekwenda kunywa chai mara moja tu," alisema, "tayari wamekukalisha kwenye cherehani yangu?"