Paka Ampigia Debe Sungura

Walikuwako Paka na Sungura katika nyumba ya Bi Mwanakheri, na nyumba ikawa haiwatoshi. Bi Mwanakheri akasema mmoja wao atafutiwe makao mengine. Paka hakungoja atajwe. Alimkimbilia Bata, jirani aliyeanika dagaa uani kwake, akamwambia, "Shoga, nimekupatia Sungura wa kufuga."

Bata hakuwa mwepesi wa kuamini. Akaja mpaka barazani, akamtazama Sungura akitafuna mchicha wake kimya kimya. "Tabia zake?" akauliza.

"Malaika!" Paka akasema. "Halali kitandani kwa watu. Pazia haliparui. Maziwa hata yakiachwa wazi usiku kucha, asubuhi unayakuta vilevile."

Bi Mwanakheri, aliyekuwa akifagia, akasimamisha ufagio. "Ehe! Kumbe pazia langu huparuliwa na nani? Na maziwa yangu?"

Hakungoja jibu. Akamkamata Paka, akamtia ndani ya tenga, akamsogezea Bata.

Bata akarudi nyuma. "Huyu sikumwomba, bibi. Mimi nina dagaa uani. Nani atanidhaminia huyu?"

Hapo Sungura, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno, akameza mchicha wake.

"Mchukue tu, dada," akasema. "Dagaa? Huyu hata harufu yake humtia kichefuchefu."

Paka, aliyekuwa akilia ndani ya tenga, akanyamaza ghafla, akalamba masharubu.